Kadiri ya Shingo

Kati ya mwaka 1992 na 2009 hori la Tudor, linaloingia baina ya kisiwa cha Mombasa na Kisauni hadi Mikindani na Jomvu, lilipoteza asilimia 86.9 ya mikoko yake. Hori la Mwache, upande wa magharibi, lilipoteza asilimia 45.4. Hesabu hizo zilichapishwa mwaka 2014 na watafiti walioongozwa na Jared Bosire, ambao walilinganisha picha za setilaiti na yale waliyoyapima wenyewe ndani ya mikoko. Wastani wa Kenya nzima ulikuwa upungufu wa asilimia 0.7 kwa mwaka. Tudor ilikwenda kwa asilimia 5.1.

Anayetajwa upesi kuwa chanzo ni mtema kuni: mama na wanawe, shoka, panga, mizigo vichwani. Ni mshukiwa anayejulikana kwa sura, kwa kuwa kila aliyekulia Mishomoroni, Junda, Mtongwe au Jomvu Kuu zamani kidogo amemwona, au alikuwa mmoja wa watoto wale. Tatizo ni tarehe. Miaka hiyo kumi na saba ndiyo hasa ambayo utemaji kuni wa jamaa ulikuwa ukififia ng'ambo zote za Mombasa. Watoto walikuwa wakitoka mikokoni na vichakani, na waliobaki na kazi hiyo walikuwa vikongwe na wasio na namna. Msitu na kazi ya jamaa ndani yake viliporomoka pamoja, kisha cha pili kikabebeshwa lawama ya cha kwanza. Nadhani mambo yalikwenda kinyume. Kazi ya jamaa ilikuwa na kikomo kilichojengwa ndani yake, na kikomo hicho kilipoondoka ndipo mikoko ilipokwisha kwa kasi ile.

Tuitazame kazi yenyewe, maana wanaoizungumzia leo mikutanoni wengi hawajapata kuinama kufunga mzigo.

Ng'ambo ya Mombasa, iwe Likoni, Kisauni au Changamwe, ilikuwa na kuni za nchi kavu na kuni za pwani. Za nchi kavu zilianzia uani. Mnazi peke yake ulilisha jiko kutwa nzima: makumbi, vifuu, makarara, pongoo za makuti yaliyoanguka. Hizo waliziokota watoto wadogo, na hazikuhesabiwa kuwa kazi. Mbele kidogo kulikuwa na mikanju na miembe iliyozeeka, na mwarobaini, mti wa kuja ulioenea pwani nzima kana kwamba umekuwapo tangu Nuhu. Kisha vichaka vyenyewe, upande wa Shika Adabu kwa Likoni, Mwakirunge na Nguu Tatu kwa Kisauni, Miritini kwa Changamwe. Huko hakuendi mtoto peke yake.

Mikokoni ndiko kulikokuwa na ukuni wa maana. Watu wa mahori hawakusema "mikoko" kwa jumla walipokuwa kazini. Kulikuwa na mkoko wenyewe wa mizizi ya kuning'inia, mkandaa, muia, mchu, mlilana, mkomafi, na kila mmoja ulikuwa na kazi yake. Mlilana ulitakiwa na mafundi wa vyombo kwa mataruma. Mkandaa na mkoko ilisifiwa kwa moto, kwa kuwa ni miti mizito, inayowaka taratibu na kuacha makaa ya kuivisha maharagwe bila kuchochea kila dakika. Mchu ulikuwa ukuni wa kawaida tu, lakini ulikuwa karibu na ufuo, na mara nyingi ulikuwa na matawi makavu.

Mtu haendi mikokoni apendapo. Siku za bamvua, maji huku kwetu hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na kufikia alasiri yamerudi. Hiyo ndiyo ilikuwa saa ya kazi. Jamaa iliingia ikiyafuata maji yakipwa na kutoka kabla hayajajaa. Aliyeongoza alikuwa mwanamke mzima, mama au shangazi, pengine nyanya aliyekuwa bado na nguvu, na ndiye aliyesema mti huu ndio na ule uacheni. Kijana wa kiume mwenye shoka alikata kile kilichohitaji shoka. Wasichana walivunja matawi, wakayalinganisha urefu na kuyafunga. Wadogo walikusanya vilivyoanguka na kuonywa wasikanyage chaza walioshika kwenye mizizi, kwa sababu chaza huchana nyayo kama wembe. Kisha wakatwikana. Mkubwa aliwatwika wadogo, na yeye mwenyewe alitwikwa na yule aliyekuwa mrefu zaidi miongoni mwao, kata ya kanga kichwani, na msafara ukarudi kwa mstari mmoja juu ya tope.

Kinachonishughulisha katika maelezo hayo ni uzito. Mtoto wa miaka minane alikuwa na mzigo wake, na haukuongezeka kwa sababu mama alitaka zaidi. Mama naye alikuwa na wake. Jumla ya kuni zilizotoka msituni siku hiyo ilikuwa jumla ya shingo zilizokwenda, na zikifika nyumbani zilitosha siku mbili au tatu. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kukata za mwezi, kwa kuwa hakuna wa kuzibeba na hakuna pa kuziweka mvua ikinyesha.

Shingo hiyohiyo ndiyo iliyochagua ukuni mkavu. Ukuni mbichi ni mzito, una maji, na ukifika jikoni unatoa moshi wa kuliza machozi. Anayejua kwamba atautua mzigo mwenyewe, na kwamba ni yeye atakayeupuliza, hutafuta tawi lililokufa au kigogo kilicholala. Hakuna aliyemfundisha somo la mazingira. Ilikuwa hesabu ya mwili, na kwa mikoko hesabu hiyo ilikuwa na matokeo makubwa kuliko walivyokusudia wahusika. Mkoko, mkandaa na muia ni miti isiyochipua tena. Ukiikata chini ya pale penye majani, kisiki hufa. Mchu huchipua, unaweza kuukata matawi leo na baada ya misimu kadhaa ukaukuta umevaa mengine. Kwa hiyo msitu wa mkandaa unaookotwa vikavu na msitu wa mkandaa unaoangushwa ni misitu miwili tofauti, hata kama kiasi cha kuni kinachotoka mwaka wa kwanza ni kilekile.

Nisieleweke kwamba zamani watu walikuwa malaika wa misitu. Nyumba za udongo za Likoni na Kisauni zilisimama juu ya fito na boriti za mikoko mibichi, na tanuu za chokaa zilikula magogo bila kuuliza umri wake. Kusini mwetu, Gazi katika Kwale, mikoko ilifyekwa wazi katika miaka ya 1970 ili kuwasha tanuu za chokaa na matofali. Lakini angalia ni nani aliyefyeka Gazi. Ulikuwa mtaji wenye tanuu na njia ya kusafirisha, hazikuwa familia zenye makata vichwani. Kwa hiyo tofauti ninayoieleza ilikuwepo mapema, na ingeweza kutufunza kabla zamu ya Tudor haijafika.

Ardhi ndiyo iliyotangulia kubadilika. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliyagawa mashamba ya ukanda wa pwani kwa wenye makaratasi, na wengi wa wenye makaratasi hawakuishi ng'ambo. Walikaa kisiwani, au walihamia mbali zaidi. Kwa miongo mingi hali hiyo, yenye dhuluma nyingi kwa waliolima bila hati, iliacha mwanya mmoja wa ajabu: mwenye shamba aliyetaka nazi zake hakujali nani aliyeokota matawi makavu kichakani. Haki ya kutema kuni haikuandikwa popote, ila ilikuwepo, na ilitegemea kutokuwapo kwa mwenyewe. Mashamba yalipoanza kukatwa viwanja, haki hiyo haikuwa na wa kuitetea. Haikuwa kwenye ramani, na haikuwa madai ya upande wowote kwenye kesi za ardhi, hata kwa maskwota wenyewe. Shamba la Waitiki kule Likoni, ekari 930, lilivamiwa mwaka 1997, na mwezi Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta akaanza kugawa hati kwa waliokuwa wakiishi humo. Ilikuwa haki iliyochelewa. Lakini mwenye hati hujenga ukuta, kama ambavyo ningejenga mimi, na pale palipokuwa na kichaka leo pana mlango wa chuma na pikipiki imeegeshwa.

Idadi ya watu inajieleza. Sensa ya mwaka 1969 ilihesabu watu 247,073 Mombasa nzima. Ile ya 2019 ilihesabu 250,358 katika Likoni peke yake, na 291,930 Kisauni. Kaunti yote ilikuwa na watu 1,208,333. Kisiwa kilikuwa kimejaa zamani, kwa hiyo karibu ongezeko lote lilikwenda ng'ambo, juu ya mashamba yale.

Mwaka 1997 ulikuwa na mengine pia. Mwezi Agosti kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa na watu waliokuwa wamekula kiapo na kujificha msituni Kaya Bombo, na vurugu zilizofuata ziliua na kuwahamisha wengi. Operesheni za usalama zilipoanza, mtu aliyetoka kichakani na panga mkononi alikuwa na maelezo ya kutoa. Miaka ya karibuni Kisauni nayo imepata magenge ya vijana wanaovamia mitaa kwa mapanga, na leo mvulana wa Mishomoroni anayetembea magharibi na chombo hicho ni mshukiwa machoni pa majirani kabla ya kuwa mshukiwa wa polisi. Chombo cha kazi ya jamaa kimekuwa ushahidi wa uhalifu. Sijaona ripoti ya misitu inayolitaja jambo hilo, ilhali mama yeyote wa Kisauni atakwambia kwa nini hamtumi mwanawe.

Wasaidizi walikwenda shule. Sheria ya Watoto ilipitishwa mwaka 2001, na Januari 2003 karo ya shule ya msingi ikaondolewa, na siku ya bamvua ya katikati ya wiki ikawa siku ya darasa. Serikali ilipoondoa kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008, vijana wenye nguvu za shoka walipata kiti cha bodaboda na fedha za siku hiyohiyo. Hakuna lililo baya katika hayo. Msichana aliyekuwa akikosa hesabu za Jumatano kwa sababu maji yamepwa sasa anazipata. Ila kundi la kazi lilivunjika, na mama peke yake hawezi kwenda mikokoni: hana wa kumtwika, na maji yakirudi hana wa kumwita.

Chungu hakikuacha kutaka moto kwa sababu kundi limevunjika. Kuni zikaanza kununuliwa kwa fungu.

Hapa ndipo uchambuzi unapostahili kukaa, kwa sababu badiliko hili halikupigiwa tarumbeta. Anayenunua fungu Bofu au Bamburi haoni kisiki. Hajui kama ukuni umetoka kwenye tawi lililokufa au mti ulioangushwa ukiwa na maua, wala hana sababu ya kuuliza. Muuzaji naye hafungwi na shingo. Ana mtumbwi, ana hamali na mkokoteni wake, pengine pikapu ya kukodi. Uzito wa ukuni mbichi haumsumbui kwa kuwa utakauka ukiwa umepangwa kando ya barabara. Anachohesabu ni muda anaoutumia mikokoni, na njia fupi zaidi ya kujaza mtumbwi ni kuangusha mti mzima, kisha wa jirani yake, badala ya kuzunguka kutafuta vikavu. Familia ilitawanya mikono yake msitu mzima. Mkataji wa biashara hufungua uwazi, na uwazi katika mikandaa haufungiki wenyewe kwa urahisi, kwani visiki havichipui na jua hukausha tope.

Wateja wake wakubwa hawakuwa majiko ya nyumbani. Kuna mama karanga, wanawake wanaonunua samaki kwa wavuvi, wakawakaanga kwa mafuta mengi na kuwauza jioni. Moto wao lazima uwe mkali na wa saa nyingi, na faida yao ni ndogo kiasi kwamba shilingi kumi ya kuni huonekana. Kuna wapishi wa harusi na matanga, wenye masufuria ya pilau yasiyoenea kwenye jiko la gesi. Kuna shule, ambazo kwa kinaya cha kutosha huchemsha githeri ya watoto walewale waliotolewa kwenye kuni kwa magogo yanayoletwa kwa lori. Na kuna wapika chang'aa, ambao katika hori la Tudor waliigeuza mikoko yenyewe kuwa kiwanda, maana huko walipata maji, kuni na maficho mahali pamoja. Mtambo wa chang'aa hauna bamvua wala shingo. Unawaka mchana na usiku, na kinachouzima ni polisi au ukosefu wa sukari.

Sheria ilikuwepo wakati wote. Mikoko ya Kenya ilitangazwa msitu wa serikali mwaka 1932. Mwaka 1982 usafirishaji wa boriti kwenda nje ulipigwa marufuku. Februari 2018 serikali ikasimamisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii, mikoko ikiwemo, na amri hiyo ikaendelezwa hadi Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa mwaka 2023. Marufuku ya namna hii huwa haitofautishi tawi kavu na mti mbichi, kwa sababu mlinzi mmoja mwenye eneo kubwa hawezi kusimama akipima unyevu wa kuni. Matokeo yake ni ya kutabirika. Mama mwenye wanawe huonekana, huenda polepole, mchana, njia inayojulikana, na ndiye wa kwanza kuogopa na kuacha. Anayebaki ni yule anayeweza kuingia usiku na kutoka upesi. Amri inayomkataza kila mtu kwa usawa huishia kumchuja aliye mwangalifu na kumwachia msitu aliye na haraka.

Shoka si mkosaji pekee, na ningekuwa mwongo kuliacha hilo. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi sana kutoka mashamba ya juu hadi Mwache, ukaifukia mizizi ya kupumulia na miti ikafa imesimama. Mwaka 1988 tangi la mafuta lilipasuka na kuua mikoko ya Makupa. Mwaka 2005 meli ilimwaga mafuta ghafi katika hori la Port Reitz. Maji taka ya mitaa huishia horini. Reli ya SGR na barabara ya Dongo Kundu zimepita juu ya tope hilohilo. Hata hivyo mti uliokufa kwa udongo au kwa mafuta huwa ni kuni kavu, na mahali penye miti iliyokufa imesimama huvuta wakataji, ambao wakiimaliza hiyo huendelea na iliyo hai iliyo jirani.

Jambo linalonishangaza zaidi katika habari hii ni gesi. Changamwe ndiko kuliko na kiwanda cha kusafisha mafuta kilichofunguliwa mwaka 1963, na hadi kilipoacha kusafisha mwaka 2013 gesi ya kupikia ilikuwa mojawapo ya mazao yake. Miritini, mwendo mfupi kutoka mikoko ya Mwache, pana matangi yanayopokea sehemu kubwa ya gesi inayoingizwa Kenya. Mlo wa Nairobi na hata wa Kampala hupikwa kwa gesi iliyopita hapo. Na bado kwa miaka mingi nyumba zilizo chini ya matangi hayo zilipika kwa kuni, makaa na mafuta ya taa.

Sababu si ushamba. Mitungi haiuzwi kwa shilingi ishirini. Mafuta ya taa yaliuzwa hivyo, kwa chupa ya soda, ndiyo maana jiko la stovu liliitawala Mombasa ya wapangaji. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwazuia wanaoyachanganya na dizeli, na mtu aliyeumizwa alikuwa yule wa chupa ya soda. Mwaka huohuo makaa nayo yalipanda bei kutokana na marufuku ya ukataji. Gesi ilikuwa imeondolewa kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2016, ikarudishiwa asilimia 16 Julai 2021, ikapunguzwa hadi 8 mwaka uliofuata, ikaondolewa tena 2023. Nyumba yenye kipato cha vibarua haiwezi kupanga jiko lake kwa kufuata bajeti inayobadilika hivyo. Kwa hiyo hupika kwa mchanganyiko: gesi ya chai ya alfajiri ikiwa mtungi haujaisha, makaa ya maharagwe, kuni siku fedha zimekwisha au wageni ni wengi. Takwimu zinazouliza nyumba inatumia nini hasa kupikia hupata jibu moja na kukosa mengine mawili.

Sitaki kuzililia siku za watoto kubebeshwa kuni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa kupikia nyumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka wa 2020, na mama zetu wenye macho mekundu hawakuhitaji kuambiwa. Utemaji kuni uliwaelemea wasichana kuliko wavulana, na anayeusimulia leo kwa raha mara nyingi ni yule aliyeshika shoka, wala si aliyebeba. Kazi ile ingekwisha hata bila kuisha msitu, na ilistahili kwisha.

Kilichopotea pamoja nayo ni jicho. Familia iliyoingia mahali pale pale kila bamvua ilijua mti gani ulikuwapo mwezi uliopita. Ilijua pia kila mti unapenda kukaa wapi: mlilana mbele, unakopigwa na mawimbi, mkoko nyuma yake kwenye tope laini, mkandaa pakavu zaidi, mchu ukivumilia hata chumvi kali ya nyuma kabisa. Maarifa haya yanatafutwa sasa kwa bei kubwa. Kampeni za kupanda hupenda mkoko kwa sababu mbegu yake ndefu huanguka tayari kuota, unaichomeka tu kwenye tope na kupigwa picha. Ikichomekwa mbele mahali pa mlilana, mawimbi huing'oa. Vikundi vya Mikindani na Jomvu vyenye vitalu vyao vimelijua hilo kwa hasara. Tangu Kenya ilipotangaza mwishoni mwa 2022 lengo la miti bilioni 15 kufikia 2032, hamu ya kuhesabu miche iliyochomekwa imezidi hamu ya kurudi baada ya miaka mitatu kuhesabu iliyobaki.

Mfano wa kufuata unaotajwa daima ni Gazi. Tangu mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja huko umeuza hewa ya kaboni kutoka hekta 117 za mikoko, na fedha zimekwenda kwenye maji na shule. Lililo la maana zaidi kwangu ni kwamba waliuanzisha wakijua watu bado wanapika, wakapanda mivinje pembeni iwe ndiyo kuni na nguzo. Mvinje hauhitaji udongo wa kifahari. Tangu 1971 René Haller aliuotesha juu ya mawe matupu ya machimbo ya saruji pale Bamburi, yaani ndani ya Mombasa yetu yenyewe. Lakini Gazi ni kijiji chenye ardhi na watu wanaojuana. Mishomoroni haina ekari ya kuacha kwa mvinje, na wapangaji wake wanahama kabla mti haujafikia kiuno. Sheria ya misitu ya 2016 inaruhusu vyama vya jamii kupata haki ya kuokota kuni kwa makubaliano. Ni utaratibu mzuri, ila unadai jamii iliyotulia, na ng'ambo ya Mombasa kutulia ni anasa.

Mpango wa kitaifa wa kusimamia mikoko, wa miaka 2017 hadi 2027, uliihesabia Mombasa hekta 3,771 kati ya 61,271 za Kenya. Zilizobaki hazikatwi tena kwa kasi ya miaka ile, na sehemu ya sababu ni kwamba hakuna kingi cha kukata karibu na njia. Biashara imehamia bara. Kuni na makaa yanayouzwa Likoni, Kisauni na Changamwe huja kwa lori na pikipiki kutoka Kwale na Kilifi, upande wa Kinango na Ganze, ambako mama bado huingia kichakani na wanawe. Huko utaratibu wa zamani unaonekana kama ulivyokuwa kwetu, mpaka mwaka wa ukame. Mahindi yakikauka, jamaa ileile, kwa shoka lilelile, huacha kutema kuni za chungu na kuanza kuchoma makaa ya kuuza. Tanuu la udongo hula kilo sita hadi kumi za mti kutoa kilo moja, na gunia halibebwi kwa kichwa hadi Mombasa. Linasimamishwa kando ya barabara, na lori hulipitia.